Mazungumzo ya Kimombo kwa Nakala Tatu

Jumatatu, 3 Juni

Mkuu wa ofisi katuita sote saa tatu kamili. Habari mbili. Ya kwanza mbaya: masjala inafungwa mwisho wa mwezi, mafaili yote yanaingia kwenye kompyuta. Ya pili nzuri, kwangu mimi angalau: linafunguliwa dawati la wageni pale mlangoni, na sisi makarani wawili wa masjala tutagombea kiti hicho kimoja. Atakayekosa anahamishiwa ghala la mafaili ya zamani, safari ya siku mbili kwa basi.

Mtihani ni mmoja tu. Ijumaa ya wiki ijayo anakuja mgeni, mama mmoja mtaalamu wa kufundisha watu kuongea Kiingereza. Kila mmoja wetu atakaa naye nusu saa, waongee. Basi! Hakuna kuandika. Mdomo tu.

Nikacheka kimoyomoyo. Miaka kumi na tisa nimekaa masjala nasoma barua za Kiingereza, naziandikia majibu, nagonga mhuri. Katika miaka yote hiyo sijakosea Kiingereza cha kuongea hata mara moja. Ni kweli sijakiongea pia, lakini rekodi ni rekodi.

Mpinzani wangu ni karani mwenzangu. Tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Kimombo chake maajabu matupu! Neno la mwisho linatangulia, la jana analisema kana kwamba litatokea kesho, na mwenyewe hana habari, anasonga mbele. Namhurumia. Huko ghalani nasikia kuna popo.

Jioni nimemweleza mke wangu. Kauliza, je, ukikosa wewe? Nikamwambia swali hilo halina msingi. Akasema wazi kwamba yeye hahami. Ana cherehani zake mbili na wateja aliowapata kwa jasho, na binti yetu yuko darasa la mtihani. Kama ni ghala, nitakwenda peke yangu. Basi sikosi.

Jumanne, 4 Juni

Zoezi la kwanza. Nimemwomba binti anisalimie kwa Kiingereza wakati wa chai ya asubuhi. Kanisalimia. Nikaweka kikombe chini, nikasimama, nikafunga kifungo cha koti. Nikamjibu kwamba nakiri kupokea salamu zake za leo asubuhi na kwamba yaliyomo yamezingatiwa.

Binti kapaliwa. Mama yake akaja kumpiga mgongo.

Alipopata pumzi akaniuliza, kwa Kiingereza vilevile, kama nataka kipande kingine cha mkate. Jibu nilikuwa nalo: nataka. Lakini huwezi kumjibu mtu hivyo, kama unafukuza kuku. Nikaanza kuipanga sentensi. Nilipoikamilisha, na ilikuwa sentensi nzuri sana, yenye vituo viwili, mkate ulikuwa umekwisha na binti kashafika shuleni.

Nimetafakari kazini siku nzima. Kiingereza ninacho, tena kingi. Kasoro ni mpangilio. Mazungumzo ya watu hayana faili! Kila mtu anasema linalomjia, wakati wowote, bila kumbukumbu namba. Ni ajabu kwamba wanadamu wameelewana mpaka leo.

Jumatano, 5 Juni

Nimefungua jalada jipya. Juu nimeandika kwa kalamu nyekundu: MAZUNGUMZO. Ndani kuna sehemu tano. Hali ya hewa, safari, afya, kazi, shukrani. Ukurasa wa kushoto ni maneno yangu, wa kulia ni maneno ya mgeni. Ndiyo, nimeandika na ya mgeni. Mazungumzo yana pande mbili, na mtu makini haachi upande mmoja uende kwa bahati nasibu.

Mfano. Mgeni atauliza hali ya hewa ikoje. Nami nitajibu kwamba hali ya hewa, kama inavyoonekana hapo juu, ni ya kuridhisha. Nimeisoma mara sita kwa raha zangu. Sijui kwa nini sikuwa mtunzi.

Jioni binti amekuwa mgeni. Kaanza vizuri, kasoma mstari wa kwanza, wa pili, mara kajichepusha! Kaniuliza napenda kufanya nini nikiwa na nafasi. Nikamwonyesha ukurasa. Swali hilo halimo. Akasema watu ndivyo walivyo, baba, wanauliza yasiyomo. Nimemwondoa kwenye zoezi kwa utovu wa nidhamu. Nimemalizia na kabati la vyombo, nalo limesikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

Ijumaa, 7 Juni

Leo kaja fundi wa mashine ya fotokopi, mgeni, kimombo kitupu. Mkuu hayupo. Mimi nikainama chini ya meza kutafuta pini. Redio kamvaa palepale mlangoni! Nimekaa chini ya meza na daftari, nikaorodhesha makosa yake. Kumi na saba kwa dakika kumi! Neno moja limemshinda kabisa, akaigiza kwa mikono na kutoa mlio wa mashine inayotafuna karatasi. Aibu nikaona mimi.

Fundi kacheka, kampiga Redio begani, kaitengeneza mashine yetu, na ile ya ghorofa ya pili ambayo hakuitiwa akaitengeneza pia. Wakaagana kama watu waliosoma darasa moja. Sijui walielewana nini.

Nimeyapiga chapa makosa yote kumi na saba, nikayafanya dokezo la siri kwa mkuu, kwa taarifa na utekelezaji. Saa kumi dokezo limerudi. Chini yake mkuu kaandika kwa mkono: Na wewe je, ulikosea mangapi?

Nimejibu kwa maandishi: Hakuna. Ajionee mwenyewe tofauti.

Jumamosi, 8 Juni

Nyumbani. Mteja wa mke wangu kaja kuchukua gauni, mama wa kigeni, mrefu, mcheshi. Wamesimama sebuleni na futi ya kupimia shingoni, wanaongea. Mke wangu! Kimombo! Sikujua. Miaka kumi na sita ya ndoa sijui kwamba mke wangu anaongea na wateja. Nilidhani anawapima tu.

Lakini kimombo chake cha kuokoteza. Maneno kama mia mbili, anayatumia yaleyale, hapa anauliza, pale anashangaa, halafu anamwachia mwenzake aseme. Yule mama akasema mpaka akakaa. Kaeleza harusi anayokwenda, mumewe anavyokoroma, goti linavyomsumbua. Mke wangu katupa neno moja moja kama mtu anayelisha kuku, na mgeni anafuata.

Ghafla mgeni kanigeukia na kuniuliza kitu. Mimi! Jalada lilikuwa chumbani. Nikakumbuka kwa kichwa mstari wa saba, sehemu ya safari, nikamtangazia kwamba ni matumaini yetu umesafiri salama na mizigo yako imefika pasipo uharibifu. Mgeni akamtazama mke wangu. Mke wangu akaitazama cherehani.

Kumbe kaniuliza kama naona gauni ni refu mno.

Alipoondoka, mke wangu kaniambia kwa upole, na upole wake ndio unaoniudhi, kwamba kuongea si kazi kubwa: muulize mtu, msikilize, mjibu alichosema, hata kwa neno moja bovu. Nimemshukuru kwa maoni yake. Naandika hapa kwamba katika mazungumzo yale yote, neno refu kuliko yote lilitoka kwangu.

Jumatatu, 10 Juni

Nimelipata! Nimelipata ofisini, saa nne na robo, nikiwa nagonga mhuri. Nilitamani kupiga kelele ila nilikuwa masjala.

Tatizo lilikuwa nini? Binti kajichepusha. Yule mama kajichepusha. Kwa nini? Kwa sababu hawakupewa nakala! Sisi hapa hatuitishi kikao bila kuwatumia wajumbe makabrasha mapema. Leo mtu aje kuongea na mimi nusu saa nzima bila kujua atasema nini? Ni kutomtendea haki.

Basi nimemwandikia mgeni barua. Husika na kichwa cha habari hapo juu, na kadhalika. Nimemwambatishia sehemu yake ya mazungumzo, kurasa kumi na moja, nakala tatu: moja ya kusoma, moja ya akiba, moja ya kurejesha ikiwa imesainiwa. Nimeweka nyota mahali pa kucheka. Ziko nne. Barua imeondoka na mfuko wa posta wa saa nane, na mhuri nimeugonga kwa mikono miwili.

Najivunia, sifichi. Mtaalamu wa mazungumzo hajawahi kupelekewa mazungumzo yaliyokwisha kukamilika.

Jumatano, 12 Juni

Majibu hayajafika.

Redio kaja na vikombe viwili vya chai. Kapendekeza tule chakula cha mchana kwa Kiingereza siku hizi mbili, mimi na yeye, tukosee pamoja. Kasema hivyo hasa: tukosee pamoja. Mtego mtupu! Anataka kunivunjia rekodi. Nimemwambia nina kazi. Chai nimekunywa.

Jioni binti alikuwa anajisomea mezani, mama yake anashona pindo la shati langu la Ijumaa. Nikawaza chumba cha kupanga huko ghalani, sufuria moja, kijiko kimoja, na sauti ya cherehani haipo. Naogopa. Nimeandika neno hilo, nikalifuta, nimeliandika tena. Naogopa.

Lakini jalada liko tayari.

Ijumaa, 14 Juni

Niandike kwa utaratibu.

Redio kaingia kwanza, saa tatu. Mimi nje kwenye benchi, sikio ukutani, daftari mkononi. Nusu saa ikapita, hawajatoka. Saa nzima! Makosa nimehesabu sitini na mawili, kisha kalamu ikaisha wino. Wakatoka wanacheka. Redio anajua majina ya mbwa wa mgeni, anajua kwa nini mgeni hali vitunguu, na mgeni anajua habari za Redio zote mpaka za pikipiki yake iliyoibiwa. Utovu wa faragha!

Zamu yangu. Mgeni ni mama wa makamo, miwani kwenye kamba. Mkuu kakaa pembeni na karatasi. Na juu ya meza, mbele ya mgeni, nini? Kurasa zangu kumi na moja! Zimesainiwa! Moyo ukanipasuka kwa furaha. Mgeni kasema kwamba katika kazi yake hajapata kupokea kitu kama hiki, na angeomba tuanze. Nilijua tu.

Tukaanza. Jamani! Laiti mngekuwapo. Kila swali mahali pake, kila jibu mahali pake. Nikasema hali ya hewa ni ya kuridhisha. Nikasema afya yangu haina pingamizi. Kwenye nyota mgeni kacheka, kwenye nyota ya pili kacheka tena, na pale kati kacheka pasipo nyota, nikamsamehe. Ukurasa wa kumi na moja, shukrani, nukta. Nikafunga jalada. Nikatazama saa ya ukutani.

Dakika tisa.

Nilikuwa nimepima muda kwa kuandika, si kwa kusema. Zimebaki dakika ishirini na moja na sina hata ukurasa.

Mgeni kaweka karatasi pembeni. Kavua miwani. Kaniuliza, polepole, kwa sauti nzuri tu, kama nina watoto.

Nilimwelewa! Naapa nilimwelewa kila neno. Ninaye mmoja, binti, yuko darasa la mtihani, ana akili kuliko mimi. Vyote vilikuwa hapa kooni. Nikafungua mdomo, na mdomo, ambao miaka kumi na tisa umefundishwa na barua, ukasema kwamba suala hilo linashughulikiwa na utajulishwa kwa wakati muafaka.

Mkuu kafunika uso kwa karatasi. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Mgeni kajikaza. Kauliza tena, swali la pili, na hapa hakuna aliyecheka. Kauliza nitajisikiaje ikibidi kwenda ghalani. Akilini nikamwona mke wangu na futi shingoni. Nikataka kusema sitaki. Neno moja, hata bovu. Nikasema sina pingamizi, kwa taarifa na utekelezaji.

Mkuu kaandika.

Dakika zilizobaki tumekaa. Nimemmiminia mgeni maji mara tatu. Nimetoka nimenyoosha mgongo, kwa sababu upande wa maandishi, mtu mwenye haki atakubali, nilikuwa bora kupita wote.

Nyumbani nimesema mtihani umekwenda kwa utaratibu. Mke wangu kanitazama, akaenda kuniandalia maji ya kuoga. Binti alipokuwa ananipa taulo nikamshika kichwa, nikashindwa kumwambia kwa nini, hata kwa lugha yetu.

Jumatatu, 17 Juni

Mkuu katuita wawili. Dawati ni la Redio. Kasema mgeni amemsifu: anakosea bila kuogopa, anauliza, anasikiliza, na watu wanamfungukia. Nikatazama viatu vyangu. Nikaanza kuhesabu mizigo: sufuria, kijiko, blanketi la kujikinga na popo.

Hapo Redio kafungua mdomo wake. Kwa mara ya kwanza nilitaka asifunge. Kamwambia mkuu kwamba yeye kuongea anaweza, lakini mwandiko wake hausomeki hata na mwenyewe, na akiachwa peke yake atawaahidi wageni mambo yasiyokuwepo. Anahitaji mtu nyuma yake wa kuandika yaliyokubaliwa, barua zitoke siku hiyohiyo. Akataja jina langu. Kasema bila huyu mzee wa mafaili, dawati halimalizi wiki. Mkuu kafikiri, kazungusha kalamu, kasema ghala lina mlinzi wake na mafaili ya zamani hayana haraka. Basi nibaki.

Macho yaliniwasha. Nikasema ni vumbi la masjala. Redio kanipa leso yake, nami nimeipokea bila kukiri mapokezi kwa maandishi. Nimefurahi, niseme ukweli. Nimekwenda nyumbani kwa miguu ili nifurahi njia nzima.

Mke wangu aliposikia kaacha cherehani ikijiendesha, kanikumbatia mbele ya mteja. Binti kasema Redio ni mtu mzuri. Nimekubali kwamba ana faida zake.

Jumanne, 18 Juni

Siku ya kwanza dawatini. Mezani Redio kakaa mbele, mimi nyuma, kiti changu kina mito miwili. Nimetafakari hali hii kwa kina na sasa naiona ilivyo. Watu hawajaielewa! Nani hukaa nyuma akiandika, wakati mwingine yuko mbele anajibu maswali? Mkubwa. Wakubwa wote wana msemaji, hawaongei ovyo na kila anayeingia. Mkuu hakuninyima dawati. Kanipa msemaji!

Kumbe mgeni yule aliona mbali. Mtu mwenye Kiingereza kizito kama changu hawezi kuachiwa akitumie kwa wapita njia.

Nimemwandalia Redio mwongozo wa kazi, kurasa nane. Kasoma ukurasa mmoja, kanishukuru, kaweka kikombe juu yake. Saa tano kaingia mgeni mmoja, Redio yuko msalani. Mgeni kanisalimia mimi. Nikamwashiria kiti kwa kalamu, kwa heshima zote, asubiri. Kasubiri. Redio aliporudi wakaelewana kwa dakika mbili, nami nikaandika barua isiyo na kosa hata moja. Rekodi bado ipo.

Jioni mke wangu kasema ana wazo. Kila siku wakati wa kula tuongee Kiingereza kidogo, yeye, mimi na binti, neno mojamoja, hakuna wa kumcheka mwenzake. Akaanza palepale. Kaniuliza kwa Kiingereza, polepole kabisa, siku yangu imekwendaje.

Nimemwambia maswali ya aina hiyo sasa yapitie kwa msemaji wangu.

Kasema hewala. Akafunika sufuria. Kasema na chakula atakuja kula msemaji.